Mashine ya Boti Ilipolala Lodwar

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Hawakusema lolote kuhusu vile vilivyotolewa majini vikakaa nchi kavu miezi minane. Je, hivyo vitaelea tena, au vitauzwa kwa kilo kama vyuma chakavu? Nyumbani kwetu hapa Lodwar swali hilo lilitukosesha usingizi mwaka uliopita. Na kwa kuwa mwalimu mlezi wa chama chetu ametuomba mwaka huu tuandike juu ya kazi tulizozifanya kwa mikono yetu wenyewe, yaani tupumzike kidogo na ile insha ya "Siku Ambayo Sitaisahau", mimi nimechagua kuandika juu ya mashine ya boti ya mjomba.

Wenzangu wa Kalokol, Longech na Eliye wasinicheke nikianza na mambo wanayoyajua. Wapo wengi hapa shuleni wanaotoka Kakuma, Lokichoggio na Loima, ambao mashine hiyo wameiona ikipita juu ya lori tu. Ni injini ndogo inayoshikizwa nyuma ya boti kwa vibano viwili. Juu kuna kichwa, na ndani ya kichwa mna pistoni, kabureta na plagi. Chini ya kichwa kuna mguu mrefu unaoingia majini, na mwisho wa mguu kuna sanduku la gia pamoja na kile ambacho kamusi inakiita rafadha na wavuvi wote wa Turkana wanakiita propela. (Mwalimu, naomba usinikate alama. Nikimwambia mjomba "rafadha" atadhani ni jina la mtu.) Mashine za namna hii zilianza kupata soko mwaka 1909 huko Marekani, kwa kazi ya Ole Evinrude, mhamiaji aliyezaliwa Norway. Ya mjomba ni Yamaha ya nguvu za farasi 15, silinda mbili, uzito wake unakaribia kilo 40. Ilinunuliwa ikiwa imeshatumika, na hapo ndipo mama yangu anapoingia.

Mama ni mchuuzi wa samaki wakavu. Hununua ngege na sangara kule Kalokol, kama kilomita 60 kutoka hapa, akawafunga kwenye magunia na kuwapeleka Kakuma, kilomita zipatazo 120 upande ule mwingine. Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, na humo mna watu wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na Ethiopia. Mama husema Mkongo hahitaji kushawishiwa anunue samaki, unachohitaji ni kumzuia asikupunguzie bei mpaka ukalia. Basi mama na wenzake kumi na mmoja walikuwa na chama chao cha kuchangiana. Chama hicho ndicho kilichomkopesha mjomba pesa za mashine, shilingi 130,000, wakikubaliana kwamba atalipa kidogo kidogo kwa samaki. Kabla ya hapo mjomba alikuwa akivua kwa mashine ya mtu mwingine, na kila safari mwenye mashine alichukua fungu lake kabla hata samaki hawajahesabiwa. Haba na haba hujaza kibaba, na kufikia Aprili ya mwaka uliopita deni lilikuwa limebaki shilingi 48,000.

Mwezi huo huo mjomba aliteleza juu ya mawe wakati wa kuvuta boti ufuoni, mguu ukavunjika mara mbili chini ya goti. Akaambiwa asikanyage boti mpaka mwisho wa mwaka.

Habari mbaya haina miguu lakini hufika haraka. Kabla plasta ya mguu haijakauka vizuri, alikuja mtu kutoka mjini na pesa mkononi. Alikuwa tayari kutoa shilingi 70,000, taslimu, siku ile ile. "Dada," akamwambia mama, "mashine ya boti si mbuzi. Mbuzi ukimwacha miezi minane utamkuta amezaa. Hii ukiiacha miezi minane utakuta chuma. Bora uchukue pesa ingali na uhai." Mwenzangu, hesabu ilikuwa rahisi hata kwa mtoto wa darasa la nne. Chama kingelipwa chote na shilingi 22,000 zingebaki, ambazo zingetosha karo yangu na vitabu vya ndugu yangu. Lakini Januari mjomba angeamka mzima, bila mashine, akarudi kule kwa mwenye kukata fungu.

Kikao kilikaa jioni, nje, kwenye mkeka. Wajumbe wa chama watatu walikuja. Mjomba hakusema kitu, alikuwa akiutazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mama ndiye aliyesema: "Tunamwambia yule bwana angoje wiki mbili. Kama kuna njia ya kuilaza mashine isife, tutailaza. Kama hakuna, auziwe." Kisha akanigeukia mimi, maana mimi ndimi nilikuwa nyumbani kwa likizo na ndimi niliyekuwa na kile kitabu.

Kitabu chenyewe ni mwongozo uliokuja na mashine, kwa Kiingereza, kurasa za mwanzo zimeliwa na panya. Nikafungua nikatafuta. Kweli ilikuwepo sura nzima juu ya kuhifadhi mashine, ila ilikuwa inazungumzia majira ya baridi. Fanya hivi kabla ya baridi. Ondoa maji yote kwa kuwa yakiganda yatapasua chuma. Fanya vile majira ya kuchipua yakija. Sasa fikirini, nimekaa kivulini hapa Lodwar, mchana joto limefika nyuzi 35 na si habari, mbuzi wamejibana ukutani kutafuta kivuli, nami nawasomea watu habari za barafu! Mjomba akauliza kwa Kiturkana hiyo "baridi" ni kitu gani hasa. Nikashindwa. Sisi tuna akiporo, wakati wa mvua, na akamu, wakati wa ukame. Baridi ya kupasua chuma hatuna jina lake. Nikamwambia, "Mjomba, chukulia ni akamu yao. Ndio wakati wao boti zinapotolewa majini."

Hapa naomba nitoke kidogo kwenye njia. Baridi imewahi kuletwa kwetu, na mabaki yake yapo Kalokol mpaka leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Norway iligharimia kiwanda cha samaki pale, chenye vyumba vya kugandisha sangara ili wasafirishwe mbali. Jengo likasimama, mitambo ikawashwa, kisha hesabu zikagoma. Kutengeneza barafu kwenye joto kama letu kulitaka umeme na maji safi kupita faida ya samaki wenyewe. Ukavu ukaja pia, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 ile ghuba ya Ferguson iliyokuwa imejaa ngege ilikuwa imekauka. Tangu zamani watu wa ziwani walijua kukausha samaki kwa jua, na hadi sasa ndivyo mama anavyofanya biashara. Kwa hiyo nilipokuwa nikisoma kile kitabu nilijiambia kwamba kukitii neno kwa neno ni kujenga kiwanda kingine cha barafu. Ilitubidi tupate mtu wa kututafsiria, si maneno, bali sababu zake.

Mtu huyo mama alikuwa anamjua tayari, kumbe! Yuko Kakuma, ndani ya kambi, ni mteja wake wa siku nyingi. Kazi yake ni kutengeneza jenereta na pikipiki za bodaboda, lakini kila mama akifika na magunia alikuwa akimuuliza habari za boti za Turkana, zina mashine gani, zinabeba watu wangapi. Ni mzee aliyetoka Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, na kabla vita havijamhamisha alikuwa fundi wa mashine za boti kwa zaidi ya miaka ishirini. Kumleta Lodwar haikuwezekana, kwani mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Kubeba mashine kilo 40 mpaka Kakuma na kuirudisha nayo ni gharama. Basi tukabeba kitabu, daftari langu na gunia moja la ngege, tukapanda matatu.

Nawaambia wanachama wenzangu, siku ile nilijifunza Kiswahili kuliko muhula mzima. Mzee anasoma Kifaransa, Kiingereza hakijui. Mimi nikawa nasoma kitabu, nakitafsiri kwa Kiswahili chetu, naye anajibu kwa Kiswahili chao. Mashine kwake ni "motere". Petroli ni "esansi". Plagi ni "buji". Nilipomsomea habari za baridi alicheka mpaka akavua kofia. Kisha akasema neno ambalo nililiandika juu kabisa ya ukurasa: "Mutoto wangu, motere inakufaka inje ya maji." Hiyo "inakufaka" ndiyo "hufa" yetu. Yaani mashine hufia nje ya maji. Ikiwa majini inakunywa, inapoa, inajipaka oili yenyewe. Ikitolewa, chochote ulichokiacha ndani yake kinaanza kazi.

Akamuuliza mama: maji ya ziwa lenu yakikauka kwenye sufuria yanaacha nini? Mama akamwambia yanaacha unga mweupe. Mzee akatikisa kichwa. Kwao Tanganyika maji ni matamu, lakini letu, kama mlivyofundishwa kwenye Jiografia, hupokea maji ya mto Omo kutoka Ethiopia pamoja na Turkwel na Kerio wakati mto wenyewe unapotiririka, wala halina mto wa kuyatoa. Maji huondoka kwa kupanda juu na jua, magadi na chumvi zinabaki. Si bahari. Bahari ina kama gramu 35 za chumvi katika kila lita na Turkana ina kama gramu 2 na nusu. Lakini mashine hiyo hupozwa kwa maji ya ziwa yanayopita katika vinjia vyembamba ndani ya chuma cha moto. Yakikaukia humo, ule unga wa kwenye sufuria unajenga nyumba. Barafu hupasua siku moja. Magadi huchukua miezi, lakini yanafika kule kule.

Tulirudi Lodwar na kurasa tisa. Mashine ikaletwa kutoka Kalokol juu ya gari la samaki, imefungwa wima kwenye nguzo ya gari kama mfungwa, kwa sababu mzee alikuwa ameonya: usiilaze mguu ukiwa juu kuliko kichwa, maji yaliyobaki mguuni yatarudi kwenye silinda.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutoa propela, maana mashine ingewashwa ndani ya pipa na hatukutaka visu vinazunguka huko. Unatoa pini, unalegeza nati, unavuta. Kijana wa jirani alikuja kutazama, akasema kazi hii si ya msichana. Nikampa spana ajaribu yeye. Alipoigeuza upande wa kukaza badala ya kulegeza nikaichukua tena na sikusikia neno jingine. Nyuma ya propela tukakuta kitu ambacho hakuna aliyekitarajia: uzi wa nyavu, ule wa nailoni, umejizungusha kwenye mhimili mara nyingi sana hadi umekuwa kama pete. Niliukata kwa wembe, vipande vikajaa kiganja. Katika daftari langu mzee alikuwa ametabiri: "Ukikuta uzi, tazama oili ya gia." Nikaweka nyota pembeni ya mstari huo, tukaendelea.

Kazi ya pili ilikuwa maji, na hapo nusura tugombane. Mashine inataka kunguruma kama dakika kumi au kumi na tano ikinywa maji matamu, ili yaoshe vile vinjia. Haiwezi kuwashwa kavu hata kidogo, kwa sababu ndani ya pampu yake mna kigurudumu cha mpira chenye mabawa, na kikizunguka bila maji kinaungua upesi sana. Maji yenyewe yafunike mguu hadi juu ya pale yanapoingilia, na hiyo kwa pipa letu ni lita zaidi ya mia moja. Mwenye kuishi Lodwar anajua mtungi mmoja unavyotafutwa. Bibi yangu alisimama mlangoni akauliza, "Maji ya kunywa mnampa chuma?" Tena akaongeza kwamba yakishaingia mafuta hata mbuzi hawatayagusa. Hakuwa amekosea. Mwishowe mama akatafuta njia. Jirani alikuwa anakandika choo chake na alihitaji maji ya kukandia udongo. Yeye atoe nusu ya maji, sisi nusu, na yakishatumika achukue yote. Udongo haujali mafuta kidogo.

Tukawasha. Pembeni ya mguu kuna kitundu ambapo maji hutoka kwa mstari mwembamba kuonyesha kuwa pampu inafanya kazi. Watoto wa ziwani husema mashine inakojoa. Mwanzo ilikojoa kwa shida, maji ya moto yenye chembe nyeupe, ndipo baada ya dakika tano hivi mstari ukawa mnene na safi. Unga wa sufuria ulikuwa unatoka.

Ingali inanguruma, nikachomoa mpira wa petroli. Hii ndiyo sehemu ambayo watu wengi huiruka, na kwa maoni yangu ndiyo inayoua mashine nyingi za pwani ya ziwa letu. Kabureta ina vitundu vidogo kama ncha ya sindano. Petroli ikiachwa humo kwenye joto letu, ile nyepesi inaruka, inabaki nzito yenye oili, kisha inakuwa kama gundi. Miezi ikipita mwenye mashine anavuta kamba mpaka bega linatoka, anasema amerogwa. Kumbe ni gundi. Ukichomoa mpira mashine inaendelea kunywa iliyobaki kwenye kabureta, inaongeza sauti kidogo, inakohoa, inazima yenyewe. Halafu unalegeza skrubu ya chini ya kabureta, matone ya mwisho yanamwagika. Petroli iliyokuwa kwenye tangi tuliwauzia wavuvi wa Kalokol siku iliyofuata. Mama hakutaka kulala nyumba moja na tangi la petroli na jiko la makaa, nami simlaumu.

Plagi mbili zikatolewa. Katika kila tundu nikatia kijiko kidogo cha oili ile ile inayochanganywa na petroli, ndugu yangu akavuta kamba polepole mara kadhaa ili oili ipande ukutani mwa silinda. Bila plagi kamba inavutika laini kama ya kisima. Plagi zikarudishwa.

Kisha ile nyota yangu. Sanduku la gia lina skrubu mbili, moja chini na moja juu kidogo. Ukifungua ya chini peke yake oili inadondoka kwa uvivu, ukifungua na ya juu hewa inaingia, inashuka yote. Oili nzima inafaa kuwa na rangi yake ya asali. Ya kwetu ilitoka ya kijivu, imeumuka, kama chai ya maziwa ya hoteli za stejini. Mjomba aliyekuwa kitini akaiona, akapiga mluzi. Ule uzi wa nyavu ulikuwa umekata mpira unaozuia maji kuingia kwenye mhimili, ule ambao mafundi wanauita sili. Ziwa lilikuwa ndani ya sanduku la gia, na hakuna aliyejua kwa kuwa mashine ilikuwa inatembea vizuri tu. Kitabu kinasema utoe maji humo yasije yakaganda na kupasua sanduku. Kwetu yasingeganda. Yangekaa miezi minane yakila meno ya gia na beringi moja moja, na Januari yule bwana wa shilingi 70,000 angepewa haki.

Nikampigia picha mzee wa Kakuma kwa simu ya mama. Akajibu kwa sauti, nikasikia jenereta zikilia nyuma yake: toa yote, osha kwa oili mpya, jaza tena, agiza sili mbili, kwa sababu duka likikuuzia moja itakuwa ile isiyotoshea. Oili mpya inajazwa kutokea tundu la chini mpaka ichungulie la juu, ndipo unafunga la juu kwanza na la chini baadaye. Ukijaza kutokea juu unafungia hewa ndani. Sili ziliagizwa Kitale, zikafika baada ya wiki tatu, shilingi 900 zote mbili. Kweli moja haikutoshea.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Grisi kwenye vibano na mhimili, kitambaa chenye oili juu ya chuma chote cha kichwa. Ndugu yangu aliunda jukwaa la mti wa mathenge, ule mti ambao kila mtu anautukana na kila mtu anautumia, mashine ikasimama wima kwenye kona ya chumba cha magunia. Kuhusu kufunika tulibishana. Mjomba alitaka karatasi ya nailoni. Mzee alikuwa amesema shuka kuukuu na gunia juu yake, chuma kipumue. Lakini hapa kwetu vumbi la upepo wa jioni linaingia hata kwenye sanduku la vitabu lililofungwa kufuli, kwa hiyo tulishona gunia chini kama mtoto anavyofungwa nepi. Kile kitundu cha kukojolea tulikiziba kwa kitambaa chekundu, kwa kuwa nyigu wa udongo hupenda sana matundu ya ukubwa huo. Kikawa chekundu ili asiwepo wa kukisahau.

Yule bwana aliporudi baada ya wiki mbili alionyeshwa gunia lililosimama. Akalizunguka, akaligonga kwa kidole. Akasema atapita tena Desemba, na kwamba bei yake huenda ikawa imeshuka.

Miezi ile haikuwa rahisi, wala sitaki kuwadanganya. Deni halikupungua hata shilingi. Mwanachama mmoja alikuja mara tatu kumwuliza mama kama kweli chuma kilicholala kinaweza kulipa. Mimi nilirudi shule muhula wa pili na sehemu ya karo tu, mama akaandika barua ya kuomba muda. Agosti nilipokwenda nyumbani nilifungua gunia nikatazama, nikakuta vumbi, mjusi mmoja na hakuna kutu. Nikalifunga.

Desemba mjomba alitembea kwa fimbo. Tukatoa kitambaa chekundu, tukapangusa plagi, tukachanganya petroli mpya na oili kwa kipimo cha 50 kwa 1, yaani nusu lita ya oili kwa lita 25. Pipa likajazwa tena, na safari hii hakukuwa na jirani mwenye choo, maji yote yalikuwa yetu. Watu walikuwa wengi uani kuliko siku ya harusi. Yule bwana alikuwepo, amesimama karibu na lango.

Ndugu yangu akavuta. Kimya. Akavuta ya pili, ya tatu, ya nne. Mtu mmoja akacheka nyuma. Ya tano ikakohoa. Mjomba akamwambia aache kidogo, akabonyeza kile kipira cha kusukuma petroli mpaka kikawa kigumu, akasema vuta kama unavyomvuta mamba, si kama unavyochota maji. Ya saba ikawaka! Moshi wa buluu na mweupe ukatoka ukafunika ua mzima, maana ile oili ya kwenye silinda ilikuwa inaungua, na nusu ya watu walikimbia wakidhani mashine imeshika moto. Bibi alikimbia na mkeka wake. Mimi nilikuwa nimeinama natazama kitundu. Sekunde kama kumi hakukuwa na kitu, moyo wangu unapiga. Halafu mstari mwembamba wa maji ukaruka, ukanilowesha viatu.

Moshi ulipotulia tukatazama langoni. Yule bwana alikuwa ameshaondoka.

Mjomba amerudi ziwani tangu Januari, kwa sasa anavua karibu na ufuo tu, upepo wa Turkana haumngojei mtu mwenye fimbo. Nilipokuwa naandika makala haya deni lilikuwa shilingi 31,000. Ile oili ya gia nimeitazama mara mbili tangu hapo na ina rangi ya asali.

Kuhusu malipo, mzee wa Kakuma alikataa pesa. Alisema kama kuna mgebuka apelekewe, ni samaki wa kwao ambaye hajamwonja tangu alipoondoka Uvira. Mgebuka hayuko Turkana. Mama alimpelekea ngege kumi na wawili, wakubwa, wa safari ya kwanza ya mashine. Akajibu kwamba wameliwa na wamekwisha, ila wanaladha ya magadi, na kwamba nisisahau kuosha pampu.